Pweza mtamu, ila picha yangu wameila

Chumba kilikuwa safi, na pweza wa nazi wa pale sijapata kula mfano wake. Nayasema haya mapema, maana huko chini nitakasirika.

Hoteli yenyewe iko Jambiani. Nililala pale msimu wa kusi, mwaka juzi kama si mwaka jana. Asubuhi moja maji yamekupwa nikawapiga picha kina mama wakirudi na magunia ya mwani. Niliwaomba ruhusa kwanza, wakacheka, wakakubali. Nikaiweka Instagram, hoteli nikaitagi kwa uungwana tu. Juzijuzi rafiki ananitumia tangazo lao: picha yangu ile ile, jina langu la pembeni limekatwa, juu yake bei ya masaji ya mwani!

Nikapiga simu. Akapokea kijana wa masoko, anaongea huku anatafuna. "Dada, picha ukishaiweka mtandaoni si ishakuwa ya watu wote? Halafu ulitutagi mwenyewe. Sisi tumekutangaza tu."

Mmenitangaza kwa nani, na jina mmelikata?

Masharti ya Instagram nimeyasoma. Leseni niliyotoa nimewapa wao Instagram, na wenyewe wameandika kwamba umiliki hawaudai. Kumtagi mtu ni kumwita aje aone, basi. Nikamtajia Daniel Morel, mpiga picha wa Haiti. Tetemeko la 2010, picha alizozirusha Twitter zikachukuliwa na AFP, shirika la habari la Ufaransa, zikasambazwa hadi Getty, wauzaji wa picha. 2013 akawashinda mahakamani New York, dola milioni 1.2. Kijana: "Hayo ya Marekani, dada."

Haya, turudi Unguja. Zanzibar ina Sheria yake ya Hakimiliki ya 2003 na ofisi yake, COSOZA (msinichanganyie na COSOTA ya Bara), na picha ina mwenyewe tangu inapopigwa, hata kama haijasajiliwa popote. Akanyamaza. Kisha akaniuliza kama nitapenda kulala usiku mmoja bure.

Nilitamani, sitaficha. Nikasema nitafikiria, nikaja hapa nikaweka nyota tatu.

Ila wale kina mama je? Walinikubalia mimi niwapige picha, si kumnadia mtu masaji. Wao hata simu hawakupigiwa.

Na sasa hivi nimelichungulia tena lile tangazo. Wamelirekebisha: pembeni, kwa herufi za kutafuta na miwani, "Picha: Instagram".

Nyota moja. Usiku wao wa bure walale wenyewe.