ctypes na memoryview za Python: uzoefu wangu baada ya miezi minane

Niko Mwanga, Kigoma mjini. ctypes ni maktaba ya Python ya kuita kazi zilizoandikwa kwa lugha ya C, na memoryview ni dirisha la kutazama baiti bila kuzinakili. Kilichonifikisha huku ni picha za vichanja vya dagaa pale Kibirizi. Mteja anataka kujua kila kichanja kimejaa kiasi gani, na kompyuta yangu ina RAM ya GB 4 tu. Picha ya pikseli 4000 kwa 3000, baiti 3 kila pikseli, ni baiti milioni 36.

Zamani Python ilinakili picha, ikaipa C, nayo C ikanakili tena, na jibu likarudi kwa nakala nyingine. Sawa na kumimina mawese dumu hadi dumu: mafuta ni yaleyale, ila kila dumu linabaki na lake na wewe umelowa mikono.

Sasa picha inakaa kwenye bytearray moja, yaani safu ya baiti unazoweza kuzibadilisha. ctypes, kwa from_buffer, inaipa C anwani ya hizo baiti (mahali zilipo kwenye RAM), basi. C ikibadilisha pikseli, Python inaiona hapohapo. Nikitaka kipande cha mistari 500, yaani baiti milioni 6, nakikata kwa memoryview na hakuna kinachonakiliwa. Ukiikata bytearray yenyewe, kipande chote kinanakiliwa. Na haihitaji kusakinisha chochote. Ctypes inakuja na Python tangu 2.5, mwaka 2006.

Tuje kwenye maudhi. Kazi (function) yangu moja ya C ilikuwa inarudisha anwani, na programu ikawa inajizima bila hata kuaga. Siku mbili nzima nakagua C, kumbe C haina kosa. Nikampigia kaka mmoja aliyenitangulia kwenye haya mambo. Akauliza swali moja: "Dogo, restype umeiweka?" Sikuwa nimeiweka. Usipotaja aina ya jibu, ctypes inadhani ni int ya kawaida (namba ya biti 32), kwa hiyo anwani ya biti 64 inakatwa nusu. Hakuna onyo lolote.

BufferError, kosa ambalo Python inalitoa, nayo nilianza kwa kuichukia. Ukijaribu kuongeza baiti kwenye bytearray wakati kuna aliyeishika, Python inagoma. Baadaye nikaelewa: ikirefushwa inaweza kuhamia sehemu nyingine, na C ibaki inaandika kwenye kiwanja cha mtu. Acha igome. Memoryview unaiachia kwa release. Kile kitu cha from_buffer kinashikilia mpaka kife chenyewe.

Ninachoikatia nyota moja ni hiki: C ikitunza anwani huku Python imeshaitupa bafa (yaani hizo baiti za picha), hakuna wa kukuzuia. Mimi nilipata picha yenye mistari ya zambarau juu ya dagaa, mteja akadhani kamera imeingia maji. Siku hizi bafa naitundika kwenye orodha mpaka C imalize.

Nyota nne. Kwa vipicha vya baiti laki moja hivi sijihangaishi, nanakili tu.