Mlango wa nyuma wa shaki ulikataa kabisa, nikaupeleka Grogan

Nina hii shaki, Hiace ya zamani ya dizeli, viti vya nyuma tulitoa kitambo ndio ibebe sufuria na hema maana kazi yangu ni kupikia watu kwa harusi na matanga. Juzi Jumamosi tumefika Kayole na pilau ya watu mia mbili, navuta hendo ya mlango wa nyuma hivi, imekuja tu laini, mlango hata haukutikisika. Vijana ikabidi wapitishe kila kitu kwa ule mlango wa pembeni, wameinama kama wezi, na beseni ya kachumbari ikamwagika kwa kapeti. Mpaka leo nikiwasha gari nasikia njaa.

Na si ati haukuwa umenionya. Karibu miezi miwili nilikuwa nausukuma na goti kwanza ndio nivute hendo, halafu nanunua ile kopo ya WD-40, ile spre ya kulainisha vyuma, napuliza hapo kwa tundu la ufunguo, unafanya kazi siku tatu, unarudi palepale.

Gereji ya kwanza ni ya karibu na kwangu, sitaitaja. Jamaa aliangalia dakika mbili, hakufungua hata skrubu moja, akasema loki imekufa tununue nzima, na kwa vile mlango haufunguki itabidi akate bati kwa nje kidogo halafu apige puti na rangi. Alfu kumi na nne. Nikamwambia nitarudi, na nyinyi mnajua nitarudi ya Nairobi ni ipi.

Jumatatu nikaenda Grogan, huko mjini kwa spea na mafundi wa magari, yaani Kirinyaga Road lakini nani huita hivyo. Ukiingia tu na gari mabroka wanakimbilia dirisha, "madam unatafuta nini, side mirror, bampa, niambie mimi." Usiwape kitu, usiwape simu, usikubali mtu akukimbilie kuleta spea akiongeza yake juu. Fundi wangu alikuwa wa kuelekezwa na dereva wa maziwa, yuko upande wa chini unaoangalia mto, mzee mmoja na kijana wake chini ya mabati, hakuna hata bango.

Swali lake la kwanza ndilo lilinifanya nikae. "Mama, hendo ni laini ama ni ngumu?" Nikasema ni laini, inakuja bila kushika kitu. Akasema basi loki haijafa, ni fimbo imeachilia. Alinieleza hivi, kutoka kwa hendo kuna fimbo nyembamba ya chuma inashuka ndani ya mlango mpaka kwa loki huko chini, ikichomoka unavuta hewa. Ingekuwa hendo ni ngumu na mlango haufunguki, hapo ndio angeshuku loki yenyewe imeshikana.

Halafu hakugusa nje hata kidogo. Kijana aliingia ndani ya gari na tochi ya simu, akatoa ile paneli ya plastiki ya mlango akitumia mkono wa kijiko waliousaga ukawa bapa, ameuzungushia kitambaa ndio usichubue. Mzee yuko nje anamwelekeza kwa sauti, shuka chini, kushoto, hapo, sukuma kwa bisibisi. Tak! Mlango ukafunguka. Dakika kumi hazikuwa zimeisha, na mimi nilikuwa nimeambiwa nikatwe bati.

Kilichoharibika alikiweka kwa kiganja changu. Klipu ya plastiki, ndogo kama punje ya mahindi, imegeuka manjano na kukatika katikati. Hiyo tu ndiyo hushikilia fimbo. Alikuwa na kopo limejaa klipu kama hizo alizotoa kwa milango mingine, akanitafutia moja, shilingi mia.

Lakini hakuishia hapo, na ndio maana naandika haya yote. Alifungua loki akanionyesha ndani, grisi ya miaka imechanganyika na vumbi ikawa nyeusi nzito kama lami, ule ulimi unaoshika chuma unazunguka kwa shida. Ndio maana nilikuwa nasukuma na goti, na labda ndio nilikuwa nikivuta kwa nguvu mpaka klipu ikakatika. Kuhusu WD-40 yangu akacheka, akasema hiyo inaosha lakini haikai, ukipuliza lazima ufuate na grisi. Akasugua loki na petroli na brashi ya meno, akapuliza na kompresa, akapaka grisi nyeupe.

Sasa hii shikeni, hata mkifanyia nyumbani. Kabla ya kufunga mlango alichukua bisibisi, akafunga ule ulimi nayo mlango ukiwa bado juu, ndio akavuta hendo. Ukaachilia. Akarudia kama mara nane. Anasema ukifunga mlango kabla ya kujaribu hivyo na fimbo haijakaa, unajifungia kazi upya.

Kitu ya mwisho ilikuwa shoki za mlango, zile mbili zinazoushikilia ukiwa juu. Hapo nilianza kumshuku, nikajua sasa ananiuzia vitu. Akainua mlango akauachilia tu, ukashuka na uzito wote, kijana akaruka pembeni, ilibaki kidogo tu umkate kichwa. Sawa, nimeelewa. Akasema ukishuka hivyo kila siku unagonga kile chuma cha chini kinachoshikwa na loki mpaka kinasogea. Akakichorea alama na chaki, akalegeza bolti mbili, akakisogeza kidogo sana, akakaza tena. Sasa nafunga na mkono mmoja.

Leba 1,500, klipu 100, shoki mbili za eksi-Japan, yaani zilizotumika huko Japani, 2,600. Jumla 4,200 kwa M-Pesa, na bei ya leba alikuwa amesema kabla ya kushika spana.

Mabaya yapo. Nilifika saa tatu, gari ikaguswa saa sita, kwa sababu kila dakika kuna mtu anakuja na shida "ndogo tu mzee" na yeye hajui kukataa. Pa kukaa ni juu ya tairi. Pakingi ni balaa, kanjo, yaani askari wa jiji, walipita mara mbili na kila mara kijana akanisogezea gari. Risiti aliniandikia nyuma ya boksi ya plagi, hivyo kama ni gari ya kampuni na bosi wako anataka karatasi, usiende.

Na kuna klipu moja ya ile paneli kijana alipoteza, nikipita matuta inalia kakakaka hadi unadhani kuna mtu huko nyuma. Nimempigia simu mzee, amesema nipite Jumatano anipachikie nyingine, ya bure, lakini nisije asubuhi.