Cholamandal, kijiji kilichonunuliwa kwa batiki

Niko Chennai nikimuuguza mama mkubwa. Juzi daktari alisema alale tu, nikaona leo ndiyo leo. Riziki yangu ni nta na rangi, kwa hiyo niliposikia kuna kijiji cha wachoraji ambacho ardhi yake ililipwa kwa batiki, sikubembelezwa.

Dereva wa bajaji alinipitiliza, akidhani naelekea Mahabalipuram kama wageni wengine. Ukienda, mwambie Injambakkam, mtaa kilipo kijiji, na ukae macho.

Kijiji kilianzishwa 1966 na K.C.S. Paniker, mkuu wa chuo cha sanaa cha Madras, jina la zamani la Chennai, pamoja na wanafunzi wake. Picha za kisasa zilikuwa hazina wanunuzi, basi wakatengeneza batiki na kazi nyingine za mikono, wakauza, wakachanga, wakanunua ardhi karibu na bahari, wakajenga na kuhamia. Chama chetu kina akina mama sita, na kununua sufuria moja ya nta kulileta ugomvi wa mwezi mzima.

Makumbusho yana kazi za wengi wa kundi lile la Madras, lakini mimi nilikwama kwa Paniker. Mwaka 1963 alianza mfululizo aliouita Maneno na Alama. Turubai imejaa vijistari vya maandishi, majedwali kama ya mpiga ramli, tarakimu, vijialama vya pembeni. Nikadhani ni Kimalayalam, lugha ya watu wa Kerala. Nikamwuliza kijana mmoja wa Kerala aliyekuwa kando yangu. Akainama, akafuata mstari kwa macho mpaka mwisho, akacheka. Hayasomeki, dada.

Hapo nikakumbuka kombe. Maandishi ya zafarani kwenye sahani, mgonjwa haambiwi asome, anaambiwa anywe. Nilisimama pale mpaka miguu ikauma.

Sanamu za shaba za S. Nandagopal, mwana wa Paniker, zimefuliwa na kuunganishwa kwa ustadi mkubwa, zote zinakutazama usoni kama miungu ya hekaluni. Nilizistahi kuliko nilivyozipenda. Bustani ya sanamu za mawe ni nzuri, ila usiifuate saa nane mchana kama nilivyofanya mimi; jua la huku halina utani.

Kazi za wasanii zinauzwa palepale. Sikuuliza bei, mfuko wangu ni wa dawa.

Jioni nikamsimulia mama mkubwa. Akanyamaza, kisha akauliza kama kuna ngazi nyingi. Akiruhusiwa, tunakwenda wote. Anataka kuliona hilo kombe.