Safari ya siku moja Beatrice, Nebraska: gari nyota mbili, makumbusho nyota tano

Nilikata tiketi mbili kutoka Lincoln, mji mkuu wa jimbo la Nebraska, dola 65 kila mtu, kwa sababu tangazo liliahidi habari za "siku Magharibi ilipofungwa", yaani siku iliposemekana kwamba pori la magharibi mwa Marekani limekwisha. Kabla ya kuhamia huku nilipima viwanja Dodoma miaka tisa, kwa hiyo ukinitajia mipaka na ekari umenipata. Shemeji yangu yeye alivutwa na chakula cha mchana. Tulipewa mkate baridi wenye kipande cha jibini.

Mwongozaji alikuwa kijana mchangamfu, lakini njia nzima ni kofia, bastola na ng'ombe. Alipofika mwaka 1890 akapiga kofi moja: paa! Pori limekwisha. Ni kweli sensa ya mwaka huo ilitangaza kwamba haiwezekani tena kuchora mstari wa mpaka wa makazi ya walowezi, yaani ule ukingo ambao ng'ambo yake kulikuwa na watu chini ya wawili kwa kila maili ya mraba. Mwaka 1893 Frederick Jackson Turner akasimama mbele ya wanahistoria wenzake Chicago na kudai kwamba ukingo huo ndio uliowaumba Wamarekani. Sawa. Lakini ng'ambo ya mstari walikuwapo watu wasiohesabiwa. Waotoe-Missouria, kabila la wenyeji wa asili waliokuwa na ardhi kando ya mto Big Blue, hukohuko tulikokuwa tunaenda, walihamishiwa Oklahoma ya leo mwaka 1881. Kijana hakuwataja hata kwa bahati mbaya.

Makumbusho yenyewe, Homestead National Historical Park, tulipewa dakika 50. Hapo ndipo nilipokasirika, kwa sababu ndipo palipokuwa na mambo.

Mlangoni kuna ukuta wenye ramani za majimbo 30, kila moja limetobolewa sehemu inayolingana na ardhi iliyogawiwa chini ya Homestead Act, sheria ya mwaka 1862 iliyowapa walowezi ardhi ya serikali. Nebraska imetobolewa asilimia 45. Masharti yalikuwa hivi: ekari 160, ada ya dola 18, ujenge, ulime, ukae miaka mitano, kisha mashahidi wawili waje waseme ni kweli. Mtu aliyewahi kushika rekodi za ardhi ataelewa kwa nini nilisimama pale kama mnazi.

Eneo hilo ni shamba la Daniel Freeman, mmoja wa watu wa kwanza kuomba ardhi chini ya sheria hiyo, aliyejiandikisha tarehe 1 Januari 1863, siku ilipoanza kutumika. Inasimuliwa kwamba alimbembeleza karani afungue ofisi usiku wa manane wa mwaka mpya. Kitalu chake kina umbo la herufi T, jambo ambalo abiria wenzangu hawakulijali hata kidogo. Kilichonishika zaidi ni jalada lake la uthibitisho: nyumba ya futi 14 kwa 20, milango miwili, madirisha mawili, miche 40 ya mitufaha na kama 400 ya pichi. Nimejaza fomu kama hizo mara nyingi, mwembe mmoja baada ya mwingine, ila zetu zilikuwa za kulipa fidia watu wanaoondoka.

Na lile kofi la 1890? Pale ndani kuna trekta la Kenneth Deardorff, mtu wa mwisho kupewa hati chini ya sheria ile, huko Alaska, mwaka 1988. Ardhi iliyogawiwa baada ya 1890 ni nyingi kuliko iliyogawiwa kabla. Sheria yenyewe ilifutwa mwaka 1976, Alaska ikaongezewa miaka kumi; Deardorff alikuwa ametimiza masharti ndani ya muda huo, hati yake ndiyo iliyochelewa. Nilimuuliza kijana kuhusu hilo tukiwa garini; akacheka na kuwasha muziki.

Gari lilikuwa safi, dereva mwangalifu, muda wa kuondoka uliheshimiwa: ndizo nyota mbili. Niliandika malalamiko, nikajibiwa kwa kuponi ya kupanda gari lilelile.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda kwa gari letu. Kiingilio ni bure, kuna kompyuta za kutafutia rekodi za ardhi, na nyuma kuna mbuga ya majani marefu iliyoanza kurudishiwa uasili wake mwaka 1939. Tulikaa kwa muda wa saa nne. Safari hii shemeji alibeba pilau.