Ringi yenye habu ya pande mbili: je, inawafaa waliovuka miaka 40 hapa Dodoma?

Ukitaka kuanza kuendesha fiksi, yaani baiskeli isiyokuruhusu kuacha kukanyaga ikiwa inatembea, ukiwa mtu mzima, usihangaike kutafuta baiskeli nzima. Tafuta ringi ya nyuma yenye habu (kitovu cha gurudumu) ya pande mbili. Upande mmoja unafungwa friwili ya kawaida, inayoachia pedali zitulie baiskeli ikitembea; upande wa pili unafungwa gia isiyoachia: gurudumu likizunguka, pedali nazo zinazunguka. Magoti yakilalamika unageuza ringi na kurudi kwenye friwili. Kwa mwenye umri huo, sababu hiyo peke yake inatosha kuinunua.

Sababu ya pili ni usalama. Wapo mafundi wanaochomelea friwili ili isiachie, wakaiita fiksi. Ni kazi ya bei nafuu, na ni ya hatari. Friwili hukazwa na mguu unaokanyaga mbele. Ukizuia pedali ili kupunguza mwendo, inaanza kujifungua kwenye thredi zake, tena wakati ule ule unaotaka kusimama. Habu halisi ya fiksi ina thredi za ngazi mbili: kubwa za gia, na ndogo zinazokwenda kinyume, za nati ya kuizuia. Gia ikitaka kufunguka, inazidi kuikaza nati. Kwa hiyo dukani chungulia na upitishe ukucha. Ukiona ngazi moja tu pande zote, hiyo ni habu ya friwili mbili, iache hapo.

Kuifunga kunataka utulivu. Paka grisi kwenye thredi, kaza gia kwa spana yenye kipande cha mnyororo, panda kimlima kifupi bila kuzuia pedali ili gia ijikaze hadi mwisho, halafu ndipo ufunge nati kwa kuizungusha kinyume cha saa. Ikague tena baada ya safari ya kwanza. Mnyororo uwe wa inchi 1/2 kwa 1/8, na ucheze kama sentimita 1 katikati, ukipima pale unapokaza zaidi. Ukilegea utaruka na kukwamisha gurudumu. Ukikaza mno unakula gololi.

Kasoro kubwa ni gia inayokuja nayo, mara nyingi meno 16. Ukiiunganisha na krenki (gia ya mbele, penye pedali) ya meno 46 utapata uzito wa kumfaa kijana kwenye tambarare. Upepo wa kiangazi ukikukabili barabara ya Morogoro kuelekea Mtumba, magoti ndiyo yatakayolipa. Weka meno 42 mbele kwa 18 nyuma. Hapo mzunguko mmoja wa pedali unakusogeza karibu mita 5, na mizunguko 90 kwa dakika ni kama kilomita 27 kwa saa. Ubaya wake unauona ukishuka kutoka vilima vya Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM): kwenye mwendo wa kilomita 36 kwa saa miguu inazunguka mara 120 kwa dakika, na huwezi kuisimamisha. Ndiyo maana breki ya mbele ni lazima. Kusimamisha baiskeli kwa miguu peke yake, bila breki, kunaumiza magoti, hata ya vijana.

Si kila fremu inaipokea. Inatakiwa yenye mkato wa ekseli uliolala, ili ringi isogee nyuma na kukaza mnyororo. Mkato wa wima haufai. Pima pia nafasi kati ya masikio ya nyuma ya fremu, yanayoshika ekseli, kwani habu nyingi za fiksi ni milimita 120. Mwenye baiskeli ya Phoenix ya inchi 28 asiikimbilie: ringi yake ni ya milimita 635 pale tairi inapokaa, hizi ni za 622, breki zake za vyuma hazitakaa sawa.

Vumbi letu hunata kwenye oili, hivyo futa mnyororo mara kwa mara. Usiufute kwa kuzungusha pedali huku kidole kiko karibu na gia: gurudumu la fiksi haliachii, linakivuta ndani na kukikata. Kamba za viatu zichomeke ndani kabla ya kupanda.

Tunaipa alama 4 kati ya 5. Ingekuja na gia ya meno 18 ingepata zote.