Mara mbili kwenye hekalu la Mithras, London: ya kulipia na ya bure

Niseme mapema kabisa: hekalu lenyewe ni dogo. Kama unategemea minguzo mirefu kama ile ya kwenye kalenda za Roma, utatoka umenuna. Hekalu la Mithras, mungu aliyeabudiwa na Warumi, pale Walbrook katikati ya London, limebaki misingi na kuta fupi za mawe na matofali, kama mita saba chini ya barabara, ndani ya jengo la ofisi za kampuni ya Bloomberg. Nimekwenda mara mbili mwezi huu. Ya kwanza nililipa, ya pili sikutoa hata senti, na ya pili ndiyo iliyonifaa.

Ile ya kwanza ilikuwa matembezi ya kikundi kuzunguka London ya Warumi. Kampuni siitaji. Mwongozaji alikuwa mcheshi, ila alitutembeza kama mtu aliyeacha chungu jikoni. Tulipofika Walbrook alituambia kwamba hekalu hili halijaguswa tangu Warumi waondoke, akatupitisha ndani mbio mbio, na ule ukuta wa kioo uliojaa vitu vya kale hatukuruhusiwa kusimama kuutazama. Kumbe kuingia pale ni bure kwa kila mtu. Nilichokuwa nimelipia ni kuharakishwa.

Na hilo la kutoguswa si kweli hata kidogo. Mawe yale yamehamahama kama mpangaji wa Kariakoo. Hekalu lilijengwa mnamo mwaka 240, kando ya kijito cha Walbrook ambacho leo hukioni, kimefunikwa na mji. Likasahaulika mpaka mwaka 1954, wakati eneo lile lililobomolewa na mabomu ya vita lilipokuwa likitayarishwa kwa jengo jipya. Mwanaakiolojia W. F. Grimes na wenzake walikuwa wakikaribia kufunga kazi, Septemba 18, pakaibuka kichwa cha marumaru cha kijana aliyevaa kofia laini iliyokunjika mbele. Ndiye Mithras mwenyewe. Magazeti yakaandika, na watu wakaja kupanga foleni kuzunguka vifusi. Wanakadiria kama watu 400,000 katika wiki mbili. Suala likafika hadi kwenye baraza la mawaziri la waziri mkuu Churchill.

Jengo likajengwa vilevile. Mawe yakang'olewa, yakawekwa stoo, na mwaka 1962 yakapangwa upya kwenye uwazi, kama mita mia moja kutoka pale yalipochimbwa, kwa saruji ya kisasa na sakafu ya vipande vya mawe ambayo Mrumi asingeitambua. Nilicheka niliposoma hilo. Mtu wa pwani aliyekulia kwenye nyumba za mawe anajua ukuta wa chokaa ukitiwa saruji unavyopoteza sura yake. Bloomberg walipochukua kiwanja, ujenzi huo wa saruji ulivunjwa, mawe ya asili yakatenganishwa, na hekalu likajengwa tena kwa chokaa, karibu kabisa na mahali pake pa kwanza, likionekana kama lilivyokuwa wachimbaji walipomaliza mwaka 1954. Likafunguliwa Novemba 2017.

Mara ya pili nilikwenda na mjomba wangu, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga. Ana duka la jumla, na vitu vya kale si hamu yake, alikubali kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha na nilimwambia ni bure. Tulijiandikisha mtandaoni usiku uliotangulia.

Chini kabisa mnasubiri kidogo, kisha mnaingia kundi zima kwenye chumba chenye giza. Ukungu unapanda, taa zinachora nguzo pale zilipokuwa, saba upande huu na saba upande ule, zinasikika nyayo na wanaume wakighani kwa Kilatini. Mimi ukungu haukunigusa sana, nimeshaona kumbi za harusi zenye moshi kuliko ule. Lakini mjomba alinishika mkono akaninong'oneza, "Hili jando, mjomba." Hakukosea sana. Ibada ya Mithras ilikuwa ya wanaume peke yao, wengi wao askari na wafanyabiashara, yenye siri zake na ngazi saba za kupanda, kuanzia Kunguru hadi Baba. Walikaa kwenye mabenchi ya pembeni, wakala pamoja, mbele yao sanamu ya Mithras akimchoma fahali kisu. Hakukuwa na madirisha ya kuzungumzia. Hekalu lilitakiwa lifanane na pango. Taa zilipowaka tukapata nafasi ya kuzunguka taratibu, na hapo ndipo unaona jinsi palivyokuwa padogo, si zaidi ya madarasa mawili ya shule yaliyounganishwa.

Kichwa cha marumaru hukikuti pale, kiko kwenye hazina ya Makumbusho ya London. Ujue hilo usije ukakitafuta kama nilivyokitafuta mimi.

Lakini kilichonirudisha ni ule ukuta wa vitu, juu, karibu na mlango. Vitu zaidi ya 600 kati ya kama 14,000 vilivyochimbwa kiwanjani walipojenga. Udongo wa Walbrook ni wa majimaji, haupitishi hewa, kwa hiyo ngozi na mbao ambazo kwingine zingeoza miaka ile ile zimebaki. Kuna viatu. Kuna hirizi ya kaharabu yenye umbo la kofia ya mpiganaji wa uwanjani, ndogo kama ukucha wa kidole gumba. Na kuna vibao vya kuandikia. Kibao kilichimbwa katikati kikatiwa nta nyeusi, mtu akaandika kwa kijiti cha chuma. Nta imetoweka zamani, ila aliyekandamiza sana ameacha mikwaruzo kwenye mbao, na hiyo ndiyo mtaalamu Roger Tomlin aliyoisoma. Katika vibao zaidi ya 400, barua nzima ni chache.

Kimoja kina tarehe: Januari 8, mwaka 57. Tibullus, mtumwa aliyeachwa huru na Venustus, anakiri kwamba anadaiwa dinari 105 na Gratus, naye mahuru wa Spurius, bei ya bidhaa alizouziwa na kukabidhiwa. Hapa kwetu tungesema alichukua mali kauli. Kingine, cha zamani zaidi, kinamwonya mtu kwamba kuna watu wanatangaza soko zima kuwa amewakopesha, asijidhalilishe. Cha Oktoba 62 ni mkataba wa kusafirisha mizigo 20 ya vyakula kutoka Verulamium (leo St Albans) hadi London, mji ukiwa ndio kwanza umeungua mwaka mmoja au miwili nyuma katika uasi wa malkia Boudica dhidi ya Warumi.

Nilimtafsiria mjomba kile cha deni. Akasogeza miwani, akainamia kioo muda mrefu kuliko alivyokaa hekaluni.

"Gratus alilipwa?"

"Kibao hakisemi, mjomba."

"Hakulipwa. Angelipwa, hiki wangekivunja."

Baada ya hapo alitaka tusomewe vyote. Mlinzi wa mlangoni alitusubiri bila kununa.

Nyota nne kwa mahali pale, moja nimeikata kwa ukungu. Matembezi ya kulipia sitoi nyota. Steshini ya Bank na ya Cannon Street zote ziko karibu kwa miguu. Ngazi ni nyingi, ila lifti ipo. Anza na ukuta wa vitu kabla hujateremka, maana ukitoka chini miguu imechoka. Na usiende Jumatatu, wamefunga.