Mbegu ya spinachi ya kigeni kwenye tuta la Dodoma: pakiti nzuri, kalenda ya watu wengine

Pakiti ninayoitolea maoni hapa niliinunua katika duka moja la pembejeo mjini Dodoma. Kampuni iliyoifungasha sitaitaja, kwa kuwa kasoro niliyoikuta naamini inapatikana kwenye pakiti nyingi za mbegu zinazotoka nje. Kwanza niseme kwamba hii si spinachi tuliyoizoea. Ile inayouzwa kwa mafungu sokoni, yenye jani pana lililokunjamana na kikonyo kinene cheupe, ni spishi moja na bitiruti, na aina yake inayojulikana sana kwa wakulima wetu ni Ford Hook Giant. Iliyomo kwenye pakiti hii ni Spinacia oleracea, mmea mfupi wenye majani madogo na laini, ambao Wazungu wanapotaja spinachi ndio hasa wanaoukusudia.

Kwa ufungashaji sina lawama. Pakiti ina bitana ya foili, ina namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi, na mbegu zilikuwa safi, hazikuchanganyika na makapi. Tatizo liko upande wa nyuma, penye maelekezo, ambapo mnunuzi anaambiwa apande Machi hadi Mei, au Agosti hadi Septemba, na asisubiri jalidi (umande ulioganda kwa baridi) ya mwisho ipite. Jalidi sisi wa Dodoma tunaisikia tu ikitokea Makete na Kitulo. Kwa mkulima wa Uingereza maneno hayo ni sahihi kabisa, kwa sababu huko spinachi hukimbizana na mambo mawili: joto la kiangazi na mchana mrefu. Mchana ukizidi saa 14 hivi, mmea huacha kuzaa majani na kutoa shina la maua, na majani yanayobaki huwa machungu.

Hapa kwetu, karibu nyuzi 6 kusini mwa Ikweta, mchana mrefu kuliko yote wa mwezi Desemba ni takriban saa 12 na nusu tu, kwa hiyo adui wa pili hayupo. Adui tuliyenaye ni joto. Mbegu hii huota vizuri udongo ukiwa na nyuzi joto kati ya 10 na 20, na udongo ukipita 30 huota chache sana. Oktoba na Novemba hewa ya mchana Dodoma hufika nyuzi 31 hivi, na udongo wetu wa kichanga usio na kivuli huwa wa moto zaidi ya hapo.

Mara ya kwanza niliyafuata maelekezo kama yalivyo, nikasia katikati ya Septemba. Siku ya kumi na nane nilifukua kwa kidole na kukuta mbegu zimevimba, nyingine zimeshaanza kuoza, bila hata mzizi. Kwenye tuta la mita tatu ilichomoza miche tisa, kuku wa jirani wakala miwili, na saba iliyobaki ikatoa maua kabla ya kufikisha majani ya kujaza sufuria ndogo. Nilirudi dukani na pakiti mkononi, nikiwa nimejiandaa kugombana. Kijana wa dukani akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mama, hii ya Ulaya inataka baridi. Ungeniuliza, ningekuambia usubiri mvua ziishe." Alikuwa na haki, ingawa bado naona maneno hayo yangepaswa kubandikwa kwenye pakiti na aliyeiingiza nchini.

Kabla ya kuilaumu mbegu yenyewe nilifanya jaribio dogo. Nilifunga mbegu 20 kwenye kitambaa kibichi na kuziweka ubavuni mwa mtungi wa maji, mahali penye ubaridi kuliko pote nyumbani, kwa kuwa katika hewa kavu ya huku mtungi hupoa vizuri. Kufikia siku ya nane, mbegu 16 zilikuwa zimetoa mzizi. Mbegu ilikuwa hai. Iliwahishwa tu kwenye joto.

Mwaka uliofuata nilisia wiki ya kwanza ya Mei. Niliziloweka mbegu usiku kucha, nikazifukia kina cha sentimita moja na nusu katika mistari iliyoachana sentimita 30, juu ya samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, nikatandaza nyasi kavu hadi zilipochomoza siku ya kumi. Kisima ninachotumia kina maji ya chumvi chumvi, na spinachi iliyavumilia kuliko maharage yangu ya tuta la pili. Baada ya siku 40 na kitu nilianza kuvuna majani ya nje. Juni na Julai, alfajiri zinaposhuka hadi nyuzi 13, majani yalikuwa manene na matamu hivi kwamba watoto waliyala mabichi. Nilisia tena kidogo kila baada ya wiki mbili hadi katikati ya Julai. Fungu nililolisia mwisho wa Julai lilikutwa na joto na upepo wa Septemba, likaishia kwenye maua. Msimu wake hapa, basi, ni mfupi: usianzie kwenye matope ya masika, na usivuke katikati ya Julai.

Jikoni mboga hii hunywea mno. Beseni zima hubaki bakuli moja, hivyo usiahidi wageni. Ikiungwa kwa karanga na kuliwa na ugali wa uwele, mimi huipa alama ya juu kuliko Ford Hook Giant. Kwa biashara siishauri, kwani ikikatwa asubuhi hunyauka kabla ya adhuhuri, na bei ya mbegu ni kubwa. Anayetaka mboga ya mwaka mzima apande Ford Hook Giant, ambayo huvumilia joto na huchumwa kwa miezi kadhaa.

Nitainunua tena, lakini mwezi Aprili, na pakiti moja tu, maana mbegu hii hupoteza uotaji haraka. Nusu iliyobaki nimeifunga kwenye kopo lenye mfuniko, na juu yake nimeandika kwa kalamu nzito: Mei.